Kamera ya Kwenda Nayo Majini: Yaliyonikuta Mama wa Mkonze (Sehemu ya 1 hadi ya 5)

SEHEMU YA 1: KICHEKESHO CHA MKONZE

 

Kwa wageni: mimi ni nesi, nina diploma yangu, nipo wodi ya watoto, naishi hapa Mkonze, Dodoma, na huwa naandika usiku nyumba ikishalala. Wiki hii siandiki kuhusu homa wala chanjo. Naandika kuhusu kamera isiyoingiza maji, maana wengi mmeniuliza inbox baada ya kuona picha za likizo.

Najua mtu wa Mkonze kutafuta kamera ya majini ni kichekesho. Mvua yetu sisi ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote makorongo ni mchanga mtupu. Baba watoto alicheka mpaka akakaa chini. "Utampiga nani picha, mbuzi akinywa maji?"

Lakini simu yangu haikufa baharini. Ilikufa Februari, hapa hapa, nikitoka zamu kwa bodaboda. Mvua ilitukuta njiani, simu iko mfukoni mwa sare, nikasema haiwezi kulowa kwa dakika kumi. Ikalowa. Ndani yake kulikuwa na picha za mdogo wangu wa mwisho tangu siku aliyozaliwa: kitovu kilipodondoka, jino la kwanza, hatua ya kwanza. Sikuwa nimezihifadhi popote.

Nikafanya tunavyofanya wote. Nikaiwasha kuangalia kama inafanya kazi, nikaichomeka kwenye chaji, nikaizika kwenye mchele siku tatu. Fundi alipoifungua akaniambia, "Dada, maji yasingeiua. Umeme uliouwasha ndani ya maji ndio umeiua."

Kwa hiyo somo la kwanza, la bure: simu au kamera ikilowa, izime hapo hapo. Usiichaji. Toa laini na memori kadi, ifute, isimamishe tundu la chaji likitazama chini, iache kwenye upepo kivulini siku nzima au zaidi. Mchele upike. Hata kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwaambia wateja wake wasiweke simu kwenye mchele, kwa sababu chembe zake zinaingia ndani na kuharibu zaidi.

Basi, mwezi Juni tulikuwa na safari. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mama mkwe alikuwa anaongelea jambo moja tu: kuiona bahari. Kazaliwa hapa, kalima zabibu hapa, kazeeka hapa, bahari hajawahi kuiona. Tukaweka akiba tukampeleka. Na mimi nikajiapiza kwamba safari hii picha hazitapotea.

Nitawaeleza nilivyochagua, nilipokosea na tulichokuja kununua mwishoni. Sehemu ya nne itanishushia heshima kidogo, mimi niliyezoea kuwafundisha. Nitaiandika hivyo hivyo.

SEHEMU YA 2: BOKSI LINASEMA NINI?

Asanteni kwa komenti za jana. Na wewe uliyeandika kwamba mchele uliiponya simu yako, mpenzi, iliponywa na siku tatu za kuzimwa.

Leo twende dukani. Ukiuliza kamera ya majini, jibu ni moja: "Dada, hii wotapruf, orijino, unazama nayo." Usibishane na muuzaji. Geuza boksi, tafuta herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Hicho ni kipimo cha kimataifa.

Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na kubwa kabisa ni 6, maana yake vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji:

4: inavumilia kurushiwa maji. Manyunyu sawa, beseni hapana.
7: inavumilia kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30.
8: inavumilia zaidi ya hapo, lakini kina na muda anasema mtengenezaji mwenyewe. Soma kijitabu chake.

Ukiona X, mfano IPX7, maana yake kipimo cha vumbi hakikutajwa. Sisi wa Dodoma tusiidharau hiyo X. Ukiwapeleka watoto Kolo, kule Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, hukutani na maji. Unakutana na vumbi la njiani linaloingia mpaka kwenye chapati. Kamera iliyofungwa vizuri dhidi ya maji na vumbi itakufaa safari zote mbili.

Kuna mambo matatu muuzaji hakuambii.

Moja: vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, masafi, yaliyotulia. Bahari ina chumvi, na chumvi inakula chuma hata baada ya maji kukauka. Ukitoka baharini loweka kamera kwenye maji safi ya kawaida dakika kumi hivi, ikaushe kivulini, usifungue mlango wa betri ikiwa bado mbichi.

Mbili: kinachozuia maji ni mpira mwembamba pembeni mwa mlango wa betri. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga juu ya huo mpira inatosha kufungulia maji njia. Ukague kila unapoufunga, kama sisi tunavyokagua sindano kabla ya kuchoma. Mpira nao unazeeka, na jua kali linauzeesha haraka. Usiiache kamera kwenye gari lililoegeshwa juani.

Tatu: simu ya IP68 iliyowahi kufunguliwa na fundi, hata kwa kubadilisha kioo tu, usiihesabu tena kuwa ni ya majini. Gundi yake ya kiwandani imeshabanduliwa. Na hata kama ni mpya, garantii nyingi hazilipi uharibifu wa maji.

Kesho aina na bei. Leo naingia usiku, niombeeni wodi itulie.

SEHEMU YA 3: AINA NNE, KUANZIA YA MFUKO MDOGO

Wodi haikutulia, lakini wote tumeamka salama, Mungu ni mwema.

1. Mfuko wa plastiki wa simu. Huu wa kuvaa shingoni, una kufuli juu. Ndio wa bei rahisi kuliko vyote, mimi wangu nilinunua 10,000. Kabla ya kuweka simu, weka tishu kavu ndani, ufunge, uuzamishe kwenye beseni, uulalie jiwe juu, usubiri nusu saa. Tishu ikitoka kavu, mfuko ni mzima. Rudia kila safari, maana plastiki hupasuka kwenye mikunjo.

Ila kuna kasoro: ukiwa chini ya maji kioo cha kugusa hakikusikii. Unabonyeza, hakuna kitu. Inabidi utumie kitufe cha sauti kupigia picha. Hata juu ya maji, plastiki ikilowa unagusa hiki, kinafunguka kile. Kariri kasoro hii, nitairudia kesho.

2. Simu yenyewe ya IP67 au IP68. Kama unayo, ni mpya, sawa. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo pesa yako, kazi yako, na namba ya daktari. Mimi siipeleki benki yangu ikaogelee.

3. Vikamera vidogo vya kufunga kifuani au kichwani. GoPro ndiyo iliyotamba, na tangu HERO5 Black ya mwaka 2016 kamera zake kubwa zinazama hadi mita 10 bila kuvalishwa kitu. Zile za kuigiza zilizojaa madukani ni tofauti: kamera yenyewe haizuii maji hata kidogo, kinachozuia ni kile kiboksi cha plastiki inachovalishwa. Soma vizuri. "Mita 30" iliyoandikwa nje ni ya kiboksi. Ukiivua ukaishika na mkono uliolowa, umeiua. Na ikiwa ndani ya kiboksi sauti inasikika kwa mbali, hutasikia mtoto anavyocheka.

4. Kamera ngumu za familia. Hizi zimetengenezwa kwa maji na kuanguka. Zipo Nikon Coolpix W150 (mita 10), Kodak PIXPRO WPZ2 (mita 15), Olympus Tough TG-6 (mita 15), Fujifilm XP140 (mita 25). Zikiwa mpya ni ghali kwa mshahara wetu, tusidanganyane, na nyingine sasa zinapatikana kwa kuulizia tu, tena kwa mtumba. Ukinunua mtumba, fungua mlango wa betri mbele ya muuzaji: mpira uwe laini bila ufa, na kwenye vyuma vya betri kusiwe na kutu wala unga wa kijani. Kukiwa na unga wa kijani, jua maji yalishaingia. Rudisha, shukuru, ondoka.

Kuhusu mita: usilipie kina usichokihitaji. Watoto wetu wanacheza maji ya kiunoni. Mita 10 zinawatosha mpaka waolewe. Na ule wingi wa megapikseli usikutishe, picha nyingi zitaishia kwenye simu na grupu la ukoo.

Nyongeza ya nesi: kamera isikupe hamu ya kuwaingiza watoto kwenye kila maji. Mabwawa na madimbwi yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho, kinapenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi. Mamba na kichocho havijali kamera yako ni ya mita ngapi.

Mimi nilichukua namba moja, mfuko wa 10,000, na simu ya baba watoto ndani yake. Tishu ilitoka kavu. Nilikuwa nimemaliza kila kitu.

SEHEMU YA 4: SEKUNDE TISA

Hii nimeiandika mara tatu nikaifuta.

Tulishuka Dar jioni, tukalala kwa ndugu, asubuhi tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Mama mkwe alipoiona bahari alisimama kimya muda mrefu, mkono kwenye paji la uso, kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Halafu akasema, "Kumbe ng'ambo yake haionekani." Akakataa kuingia. Akatandika kanga mchangani, akakaa.

Bahari ilikuwa shwari. Mkubwa wangu ana miaka saba, alikuwa anajifunza kuelea. Mdogo ana miaka mitatu, alikuwa pembeni yake anachota maji na kikombe, maji hayamfiki hata kiunoni. Baba watoto akaenda kununua mihogo ya kukaanga. Mimi nikaingia na simu ndani ya mfuko wake.

Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani. Nikainamisha kichwa, nikaweka kiganja juu ya mfuko kutafuta kivuli. Nagusa, haisikii. Nagusa tena, imebadilisha kuwa kamera ya mbele. Mwishowe video ikaanza kurekodi, mkubwa akaelea, nikawa nampigia kelele za furaha, "Hivyo hivyo, mwanangu! Hivyo hivyo!" Macho yangu yako kwenye kioo.

Nilichosikia ni maji kuchapwa nyuma yangu. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ndani ya bahari aliyoikataa, maji ya magotini, gauni lote limelowa, kamshika mdogo kwapani kamnyanyua juu. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia. Namshukuru Mungu kwa kile kilio. Sisi wa wodi ya watoto tunajua kwamba anayelia anapumua.

Nilimlaza ubavu, nikamfunika, nikaweka sikio kifuani. Tulimpeleka kituo cha afya akaangaliwe, maana mtoto aliyekunywa maji anaweza kuonekana mzima halafu kifua kikabadilika baada ya saa kadhaa. Tukakaa pale mpaka jioni. Yuko salama. Sasa hivi ninavyoandika amelala, kanivuta shuka lote.

Usiku ule nikaiangalia video. Mfuko haukuingiza maji hata tone. Picha safi kabisa. Mkubwa anaelea katikati, na kushoto kabisa, pembeni mwa picha, kuna fulana ya chungwa. Inainama kuchota maji. Inaanguka kifudifudi. Haitoi sauti. Hakuna mikono inayopunga, hakuna "mama!". Mwili mdogo unajigeuza ndani ya maji kama mtu anayejigeuza kitandani, huku sauti yangu inasikika nikishangilia.

Kazi yangu mimi ni kuhesabu. Nahesabu mapigo, nahesabu pumzi, nahesabu matone ya dripu. Nikahesabu. Sekunde tisa, mpaka gauni la mama mkwe linapoingia kwenye picha.

Mama zangu, kufa maji hakupigi kelele kama kwenye sinema. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya Desemba 2024 lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka 5. Mimi takwimu hizo ningeweza kuzitaja hata usingizini. Na nilikuwa hatua nne kutoka kwa mwanangu.

Mama mkwe hakunisema. Alikausha gauni lake, akala muhogo uliopoa. Usiku akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe ulidhani nani anamwangalia?"

Nilidhani yeye. Yeye alidhani mimi. Baba watoto alidhani sisi wote.

SEHEMU YA 5: KAMERA YA KIKOBA

Nimesoma jumbe zenu zote. Mliosema "hata mimi yalinikuta", tuko wengi kuliko tunavyokiri. Na yule aliyeniambia nisingepaswa kuitwa nesi, nimekusikia, dada.

Wengine mmeshauri niachane na picha kabisa. Nimelifikiria hilo. Lakini picha zilizokufa na simu yangu Februari bado zinaniuma, na mama mkwe siku anayoiona bahari mara ya kwanza ni siku moja tu katika maisha yake. Picha ninazitaka. Ila sasa najua swali langu dukani lilikuwa si sahihi. Nilikuwa nauliza, "Haiingizi maji?" Nilipaswa kuuliza pia, "Naweza kuitumia bila kuitazama?"

Kwa hiyo vipimo vyangu vipya ni hivi:

Kitufe halisi cha kupigia, kikubwa, ninachokipata kwa kidole gumba macho yakiwa kwa mtoto. Kioo cha kugusa peke yake, hapana.

Mkanda wa mkononi unaoelea, wa rangi kali. Kamera nyingi za aina hii zikidondoka zinazama moja kwa moja, na mama anayetafuta kamera chini ya maji hamtafuti mtoto. Ukikosa mkanda, funga chupa ndogo tupu yenye kifuniko kwa kamba, halafu ijaribu kwenye ndoo kuona kama inaibeba.

Isiwe na simu ndani yake. Kile kijumbe cha grupu kinachoingia wakati uko majini nacho kinavuta macho.

Iwe rahisi kiasi kwamba mtoto mkubwa au mjomba anaweza kuitumia, mimi nikabaki na kazi yangu.

Ukizijumlisha hizo, unaangukia kwenye aina ya nne, zile kamera ngumu, na bei yake ni ile ile isiyoshikika. Hapo ndipo kikoba chetu kilipoingia. Tuko wanawake 8, manesi watatu, mwalimu mmoja, wengine wafanyabiashara wa Majengo. Nikawasimulia kisa changu chote bila kuficha. Mmoja akasema, "Sasa kamera ya safari mbili kwa mwaka, kila mtu anunue ya kwake ya nini?" Tukachanga 40,000 kila mmoja. Kwa 320,000 tukapata Nikon W150 ya mtumba, mpira wake laini, vyuma safi, na mkanda wa njano wa kuelea. Mita 10, inavumilia kuanguka, vitufe vikubwa kwa sababu iliundwa ikiwalenga na watoto. Picha zake ni za kawaida tu, jioni zinakuwa na chengachenga. Zinatutosha.

Kamera inakaa kwa mweka hazina, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, mbali na vumbi. Inakuja na kitambaa laini, memori kadi, na daftari. Anayeiazima anasaini. Akirudisha, ameshaiosha kwa maji safi, ameikausha, ameshahamisha picha zake. Na picha zinahifadhiwa sehemu mbili, siyo kwenye simu peke yake. Hilo nimelilipia ada.

Daftari lina safu nne: tarehe, jina, mnakwenda wapi, na ya nne niliiomba mimi. Imeandikwa: "Nani anamwangalia mtoto?" Huwezi kuandika "sote". Unaandika jina moja. Huyo hapigi picha, hashiki simu, haendi kununua mihogo, na yupo karibu na mtoto kiasi cha kumfikia kwa mkono. Akichoka anamwambia mwenzake kwa mdomo, "Sasa ni wewe," na mwenzake anaitikia, "Ni mimi." Kama tunavyokabidhiana wodi asubuhi: hutoki mpaka mwenzako amepokea.

Na kama ikitokea, Mungu apishe mbali, umemtoa mtoto majini hapumui: usimning'inize miguu juu, usimkande tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, anza na pumzi za mdomo kwa mdomo, kisha kandamiza kifua, huku mwenzako anaita msaada. Akipumua, mlaze ubavu. Mpeleke kituo cha afya hata akisema amepona.

Desemba hii tunarudi, safari hii ni Bagamoyo. Mama mkwe amesema anataka kuingia mwenyewe, kwa hiari yake, mpaka magotini. Kamera nimeshaiazima. Anayepiga picha ni mkubwa wangu, ameshajifunza kitufe.

Safu ya nne nimeandika jina langu.